Miungu Isiyo na Wenyewe: Kusoma Magnus Chase Chini ya Rwenzori

Katika riwaya tatu za Magnus Chase za mwandishi Mmarekani Rick Riordan, Thor huigeuza nyundo yake kuwa televisheni ili asipitwe na tamthilia anazozipenda. Heimdall, ambaye katika visasili vya kale vya Skandinavia husikia hata nyasi zikiota, analilinda daraja lake huku akijipiga picha za selfi. Odin anawahutubia mashujaa waliokufa kwa slaidi za kompyuta, mithili ya mwezeshaji wa warsha aliyelipwa posho. Valhalla yenyewe, ukumbi wa waliouawa vitani, ni hoteli mjini Boston yenye mapokezi, funguo za vyumba na ratiba ya shughuli za siku. Msomaji anacheka. Nami nilicheka, na bado nacheka nikizisoma upya. Ninachouliza katika makala hii ni kwa nini kicheko hicho kinawezekana, na kama kinaweza kuhamishwa.

Swali hili si la mapambo. Kila tunapojadili fasihi ya vijana darasani, haupiti muda kabla mwenzetu mmoja hajasema: nasi tuandike yetu. Tumtoe Odin, tumweke Kithasamba. Tuitoe Boston, tuiweke Kasese. Hoteli si tatizo, zipo tele pembezoni mwa Hifadhi ya Queen Elizabeth. Nia ya kauli hiyo ni njema, na uchungu ulio nyuma yake naufahamu: kijana wa Bwera anaweza kukutajia mbwamwitu Fenris, kindi Ratatosk na mti wa Yggdrasil, lakini umuulize Isaza ni nani akutumbulie macho. Hata hivyo naona kauli hiyo imesoma vibaya jinsi riwaya hizi zinavyofanya kazi. Inadhani siri yake ni kuwavalisha miungu wa zamani nguo za leo. Mimi ninadai kwamba siri iko kwingine: Riordan anaweza kuichezea miungu hiyo kwa sababu haina wenyewe tena, na mahali riwaya zake zinapogusa kweli ni pale kisasili kinapompata mtu wa kukimiliki na kukilipia.

Kwa wasiozisoma, kisa kwa ufupi. Magnus ni kijana wa miaka 16 aliyeishi mitaani Boston kwa miaka miwili tangu mama yake afe. Baba yake ni Frey, mungu wa kiangazi na mavuno, naye Magnus anauawa darajani mapema kabisa katika juzuu la kwanza, jambo ambalo ni ujasiri mzuri kwa msimulizi wa nafsi ya kwanza. Kifo hicho kinamwingiza Valhalla. Pamoja na Samirah, mmoja wa Valkyrie wanaochagua mashujaa, mbilikimo Blitzen na Hearthstone, kiumbe wa Alfheim asiyesikia, anatumwa kuizuia Ragnarok, vita vya mwisho wa ulimwengu. Juzuu hizo, The Sword of Summer, The Hammer of Thor na The Ship of the Dead, zilitoka 2015, 2016 na 2017.

Kasoro zake zinaonekana upesi. Riordan alikwisha kuandika hadithi ya namna hii kwa miungu ya Wagiriki, alipoanza mfululizo wa Percy Jackson mwaka 2005, na mifupa haikubadilika: mtoto asiyemjua baba, safari yenye siku ya mwisho, jini moja kila sura mbili. Sauti ya Magnus ni sauti ya Percy aliyelala njaa. Mzaha unapochoka haupumzishwi, unaongezewa mwingine. Nadhani wenzangu wanaokataa kuziita fasihi wamechoshwa na hayo, na siwalaumu. Lakini kuchoshwa si uhakiki.

Turudi kwenye wenyewe. Sehemu kubwa ya visasili hivyo tunaijua kupitia Snorri Sturluson, mwanasiasa na mshairi wa Iceland aliyeandika Edda yake mnamo 1220. Iceland ilikuwa imeukubali Ukristo mnamo mwaka 1000. Snorri mwenyewe alikuwa Mkristo, na katika utangulizi wake anaieleza miungu hiyo kuwa ni watu tu waliotoka Troy. Hakuandika ili mtu aiabudu. Aliandika kwa sababu washairi vijana wa zama zake walikuwa wanapoteza uwezo wa kufumbua mafumbo ya ushairi wa kale, ambao bila kuijua miungu haueleweki. Kwa maneno mengine, Thor alikwisha kuwa somo la darasani karne nane zilizopita. Riordan ni mrithi wa Snorri, si wa waliochinja ng'ombe kwa ajili ya Thor. Ni kweli kwamba Iceland leo kuna jumuiya ndogo iliyoifufua imani hiyo na kutambuliwa na serikali mwaka 1973, lakini hata hao walilazimika kuijenga upya kutoka vitabuni.

Ucheshi nao haukuanzishwa na Riordan. Kuna shairi la kale ambamo Thor anavalishwa shela ya bibi harusi ili airudishe nyundo iliyoibwa, na juzuu la pili limejengwa juu ya kisa hicho. Riordan aliurithi mzaha pamoja na miungu, nyumba ikiwa haina mtu wa kukunja uso.

Sasa mtazame Samirah al-Abbas. Ni binti wa Loki, ni Valkyrie, na ni Mwislamu anayeswali na kuvaa hijabu. Anapanda angani kwa amri ya Odin lakini hamwabudu Odin. Kwake viumbe hao wana nguvu, basi, na Mungu ni mmoja. Katika juzuu la tatu wanasafiri baharini kuelekea meli ya wafu wakati wa Ramadhani, na Samirah anafunga huku wenzake wakila na majitu yakiwarushia mawe. Hapo mwandishi aliyemcheka kila mungu wa Asgard anaacha kucheka. Saumu ya Samirah haifanyiwi mzaha hata mara moja. Wahakiki wengi wamelisifia hilo kama heshima kwa dini nyingine, na ni sawa, lakini naona limefichua kanuni mbili zinazofanya kazi ndani ya kitabu kimoja. Imani yenye watu wake inaandikwa kwa tahadhari. Imani isiyo na watu inafanywa hoteli. Riordan hakuitangaza kanuni hiyo, ila aliifuata bila kukosea, na anayetaka kumwiga anapaswa kwanza kujiuliza miungu anayoishika mkononi imo upande gani.

Mahali pazuri kuliko pote katika riwaya hizi, kwa maoni yangu, hapana mungu hata mmoja. Ni nyumbani kwa kina Hearthstone, katika juzuu la pili. Kaka huyu alimpoteza mdogo wake utotoni, na baba akamtwika lawama. Baba akaitandika ngozi ya kiumbe aliyemuua mtoto, akamwambia Hearthstone: hutakuwa huru mpaka kila unywele wa ngozi hii ufunikwe kwa dhahabu. Sarafu zinapatikana kwa kazi na utii, na zinakatwa kwa kila kitu, hata kula. Kisa hiki kina asili yake. Katika visasili vya kale, miungu walimuua Otr, mwana wa Hreidmar, aliyekuwa amejigeuza fisi maji, na fidia ya damu ikawa kuifunika ngozi yake kwa dhahabu hadi unywele wa mwisho. Riordan aliichukua sheria hiyo ya miungu na kuiweka katika sebule ya familia, kati ya baba na mtoto asiyesikia ambaye baba hakutaka hata kujifunza lugha yake ya ishara. Huwezi kucheka. Yeyote aliyewahi kuona mtoto akidaiwa na mzazi deni lisilolipika anaifahamu ngozi ile. Kisasili kimepata mwenyewe, na mwenyewe ni Hearthstone.

Linganisha na kilele cha juzuu la tatu, ambako Magnus anapambana na Loki kwa shindano la matusi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa desturi hiyo, sisi tuna mipasho. Waliowahi kusikiliza taarabu ya miaka ya 1990 nchini Tanzania, Khadija Kopa wa TOT upande huu na Nasma Khamis wa Muungano upande ule, wanajua kwamba tusi zuri halitaji jina, linampata mlengwa akiwa amekaa. Magnus anashinda kwa kuacha kutukana na kuanza kuwasifu marafiki zake. Wazo ni la upole, na wasomaji wengi walilipenda. Mimi naliona limekwepa. Loki ni bingwa wa maneno, na hashindwi kwa maneno bali kwa somo la maadili. Mbele ya hadhira ya mipasho Magnus angezomewa.

Nije sasa Kikorongo. Pale ni njia panda: barabara itokayo Kasese kwenda Mbarara inatoa tawi la kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe, na ikweta iko karibu. Wengi wa rika langu tulimjua Thor kabla hatujaisikia Edda wala Riordan. Alikuja katika vibanda vya video kupitia filamu, akiwa na sauti ya VJ anayetafsiri kwa Kiganda juu ya sauti ya mwigizaji, na kumtania Thor apendavyo. Hakuna aliyekasirika. Thor hana shangazi Kasese.

Kithasamba anao. Kwa Wakonzo yeye ndiye anayekaa juu kwenye nzururu, theluji, ambayo ndiyo iliyoupa mlima jina Rwenzururu. Wengi wetu ni Wakristo, na kanisani tumefundishwa kumwita Kithasamba majina mengine, lakini hata mzee wa kanisa akiutazama mlima wingu linapofunguka hunyamaza kidogo. Mito ilipofurika Mei 2020, Nyamwamba ukaivunja hospitali ya Kilembe na Lhubiriha ukaingia makazi ya Bwera, wapo waliozungumza juu ya miti iliyokatwa na wapo waliozungumza juu ya Kithasamba kukosewa, na mara nyingi walikuwa watu walewale, katika mazungumzo yaleyale. Hiyo ndiyo maana yangu ya kuwa na wenyewe. Sisemi kwamba kila mtu anaamini. Ninasema kwamba jina hilo likitajwa, kuna anayegeuka.

Na kuna jambo zito zaidi. Snorri alikusanya visa ili ushairi usipotee. Kwetu, kukusanya visa kulikuwa siasa tangu mwanzo. Katika miaka ya 1950 Isaya Mukirane na wenzake waliunda jumuiya ya kutafiti historia na maisha ya Wakonzo, wakizunguka milimani kuwahoji wazee. Kutoka kazi hiyo ya kuuliza na kuandika likaja vuguvugu la Rwenzururu, na mwaka 1962 wakatangaza kujitenga na Tooro. Ufalme ulitambuliwa na serikali mwaka 2009. Novemba 2016, mwezi mmoja baada ya The Hammer of Thor kutoka, wanajeshi na polisi walivamia kasri ya mfalme mjini Kasese. Kwa hesabu ya Human Rights Watch, waliouawa mwishoni mwa juma lile walizidi 100. Mfalme Mumbere alikamatwa, na mashtaka yake yakaja kufutwa 2023. Ninayataja haya katika makala ya uhakiki wa riwaya za vijana kwa sababu mwandishi atakayemweka Kithasamba kwenye dawati la mapokezi la hoteli atakuwa anaandika katika wilaya ambayo mlima, theluji na kiti cha enzi ni neno moja, na watu wamekufa kwa neno hilo. Hatakatazwa na sheria. Ila kicheko alichokiona Boston hatakikuta.

Mwenzangu mmoja alinipinga kwa hoja nzuri: je, si wewe unayetaka tuwe na hofu na visasili vyetu milele, huku wengine wakivitajirikia? Hapana. Jamii zetu hucheka sana katika ngano. Tunamcheka fisi, tunamcheka mfalme mlafi, na pwani wamemcheka Harun Rashid kupitia Abunuwasi kwa vizazi. Kicheko chetu kina anwani, hakitupwi kila upande. Mwandishi mzuri anaijua anwani hiyo kabla ya kuanza kuandika.

Kuna kosa lingine katika wazo la kubadilisha majina tu, nalo ni la hali ya hewa. Ragnarok hutanguliwa na Fimbulwinter, majira ya baridi matatu yanayofuatana bila kiangazi kati yake. Ndiyo hofu ya watu wa kaskazini: theluji isiyokoma. Ndiyo maana shujaa wa Riordan ni mwana wa Frey, na upanga wake ni upanga wa kiangazi. Anabeba joto mahali ambapo joto ni wokovu. Upandishe upanga huo Rwenzori uone. Mwaka 1906 barafu ya mlima wetu ilikadiriwa kuwa na kilomita za mraba 6.5, kufikia 2003 ilibaki chini ya kilomita moja ya mraba, na imezidi kupungua tangu hapo. Mwisho wa dunia wa Wakonzo unakuja kutoka upande wa pili. Ni theluji inayoondoka, ni nyumba ya Kithasamba inayovuja hadi iishe, na kiangazi ndicho adui. Kisasili cha watu hubeba hofu zao, na hofu hazitafsiriki kwa kubadilisha majina. Atakayeandika kwamba kijana wa Kasese anauzuia mwisho wa dunia kwa upanga wa joto atakuwa ameandika Boston tena, ameongeza migomba tu.

Kama si Kithasamba, nani? Nadhani tunao wanaofaa zaidi, ila wako kaskazini kidogo na mashariki, nao ni Wachwezi. Hao wana wenyewe nusu. Wapo wanaowatambika mpaka leo, lakini pia ni wafalme wa masimulizi, na John Nyakatura aliandika habari zao kwa Kinyoro katika Abakama ba Bunyoro-Kitara mwaka 1947. Kisa chao kinaanza kwa mafumbo. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, anamtumia Isaza, mfalme wa juu, ujumbe wa mafumbo: kamba inayofunga maji ni ipi? Kitu gani kinamfanya Isaza ageuke nyuma? Wazee wa baraza wanashindwa. Anayejibu ni mwanamke wa nyumbani. Anachemsha maji na kuyatia unga wa ulezi, na maji yanafungwa. Analeta ndama alie, na Isaza anageuka. Nyamiyonga anataka undugu wa kuchanjiana damu. Isaza, kwa woga, anamtuma mlinzi wa lango lake, Bukuku, achanjie kwa niaba yake. Nyamiyonga anagundua kwamba amefanywa ndugu wa mtu wa kawaida, na kisasi chake ni cha taratibu: kwanza anamtuma binti yake Nyamata, mrembo, aolewe na Isaza na kumzalia Isimbwa, kisha anatuma ng'ombe wazuri, kwa kuwa amejua kwamba Isaza anapenda ng'ombe kuliko mke. Isaza anawafuata ng'ombe hao hadi ardhi inammeza.

Kutoka hapo kisa kinakuwa riwaya ya vijana chenyewe. Bukuku, mlinzi wa lango, anabaki na ufalme. Anaambiwa na waaguzi kwamba mtoto wa binti yake Nyinamwiru atamuua. Anamlemaza binti ili asitamaniwe, ingawa masimulizi yanatofautiana kuhusu alichokatwa: jicho, sikio, titi. Anamfungia. Isimbwa, mjukuu wa kuzimu, anampata hata hivyo, na mtoto wao, Ndahura, anatupwa mtoni, anaokolewa na mfinyanzi na kulelewa akichunga ng'ombe bila kujua yeye ni nani. Siku moja anagombana na wachungaji wa mfalme mahali pa kunywesha ng'ombe maji ya chumvi. Bukuku anakuja mwenyewe kumwadhibu. Ndahura anamchoma mkuki, kisha anakikalia kiti chake.

Mtoto asiyemjua baba, damu ya ulimwengu mwingine, malezi ya watu maskini, kifo kilichotabiriwa: yote ambayo Riordan aliyatafuta Ugiriki na Iceland yalikuwa hapa. Lakini sikutaja kisa hiki ili kusema "nasi tunayo". Nilitaka kuonyesha mwenyewe wake. Ukikisoma kwa jicho la riwaya ya Riordan utamfuata Ndahura, kwa kuwa ndiye mwenye mkuki. Ukikisoma kwa jicho lililojifunza kutoka kwa Hearthstone utamwona Nyinamwiru, mtoto aliyelipishwa na baba yake deni ambalo hajalikopa. Karibu na Fort Portal kuna mapango yaitwayo Amabere ga Nyinamwiru, matiti ya Nyinamwiru, ambako mawe yanadondosha maji meupe kama maziwa. Mgeni analipa kiingilio, anaelezwa kisa kwa dakika chache, anapiga picha, anaendelea na maporomoko. Hiyo ndiyo hoteli yetu ya Valhalla, na tulikwisha kuijenga bila Riordan: maumivu ya msichana yaliyogeuzwa kivutio. Riwaya inayohitajika ingempa huyo msichana sauti, naye asimulie kwa nafsi ya kwanza, kwa ukali na hata kwa ucheshi, maana aliyelemazwa na baba yake ana haki ya kumcheka baba yake. Hapo kicheko kina anwani.

Fasihi ya Kiswahili ina nini cha kumsaidia mwandishi huyo? Zaidi ya tunavyokiri. Fumo Liyongo wa utendi tunaoujua kupitia Muhamadi Kijumwa, ulioandikwa 1913, ni ndugu wa Balder, yule mungu asiyedhurika ila kwa mmea mmoja uitwao mistiltein. Liyongo naye hafi kwa chochote ila sindano ya shaba kitovuni. Lakini Balder anauawa na ndugu kipofu aliyedanganywa, ambapo Liyongo anauawa na mwanawe mwenyewe, anayejua anachokifanya na ameahidiwa malipo. Kwangu kisa cha pwani ni kikali zaidi. Kisha maiti yake inabaki imepiga goti kisimani na upinde mkononi, na mji mzima unakaa na kiu kwa kuogopa kumkaribia mfu. Taswira kama hiyo haihitaji slaidi. Riwaya za kiajabu za karibuni, Nagona na Mzingile za Kezilahabi, Walenisi ya Katama Mkangi, Bina-Adamu! ya Wamitila, zimethibitisha kwamba Kiswahili kinabeba ulimwengu mwingine bila kujikwaa. Ila zimeandikwa kwa msomaji mzima aliyekwisha kusoma falsafa. Nimejaribu kumwazima Nagona kijana wa kidato cha pili, akanirudishia baada ya siku mbili akiniuliza kama kurasa zimepangwa vizuri. Kati ya ngano za shule ya msingi na Kezilahabi pana shimo, na vijana wetu wanalivuka kwa daraja la Riordan kwa sababu ndilo lililopo.

Kuhusu lugha nina wazo ambalo walimu wangu huenda wakalipinga. Nyanya zetu hawamwombi Kithasamba kwa Kiswahili. Kiswahili cha Bwera ni cha soko la Mpondwe, cha kuulizana bei ya maharagwe na vitenge na Wakongomani, na kwa wazee wengi wa Uganda bado kina sauti ya askari, tangu kabla ya Amin kukitangaza lugha ya taifa mwaka 1973. Baraza la mawaziri lililokiidhinisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022 halikuifuta kumbukumbu hiyo. Basi Kiswahili kwetu ni lugha isiyo na madhabahu. Naona hapo pana nafasi, kwa kuwa mambo yasiyosemeka kwa Lukonzo mbele ya wazee yanaweza kujaribiwa katika lugha ambayo hakuna aliyeapa kwayo. Lakini hatari ni ileile: umbali unaompa mwandishi uhuru ndio uliomgeuza Odin kuwa mwezeshaji wa warsha. Kijana akimkuta Kithasamba kwa mara ya kwanza katika Kiswahili cha mzaha, atakuwa amempokea kama tulivyompokea Thor katika kibanda cha video.

Ningeulizwa riwaya hiyo ianzie wapi, ningesema iache Valhalla kabisa, ianze na mlinzi wa lango ambaye jana alikuwa mtumishi na leo anajaribu kiti kilichoachwa wazi, na binti yake akimtazama mlangoni, macho yote mawili bado yakiwa mazima. Kithasamba nisingemweka jukwaani. Angekuwa theluji tu kwa mbali, upande wa magharibi, na kila sura ikifunguka iwe imepungua kidogo.